Mnatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa

Barua ya wazi kwa wenye viwanda, waagizaji na watangazaji wa mafuta ya kula nchini. Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC)

Waheshimiwa,

Ninyi hamnifahamu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji, mtoto wa mama aliyetusomesha kwa mawese. Ninyi nawafahamu vizuri, maana haipiti siku bila sauti zenu kuingia nyumbani kwangu: asubuhi redioni, mchana kwenye gari la spika, na saa zote kwenye duka la jirani mlilolipaka rangi zenu kuanzia msingi hadi chini ya bati.

Kilichonifanya nishike kalamu ni chupa moja.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, alikuja na mtoto kututembelea kutoka Dar es Salaam. Nikampikia sombe (kisamvu), ile sombe yenyewe, iliyotwangwa kinuni na kuchemka hadi ikalegea, ikatiwa mawese mapya na dagaa. Alikula kidogo kwa adabu. Mtoto hakumpa. "Samahani mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "haya mafuta mekundu yana lehemu. Ya mtoto nimekuja nayo." Akatoa kwenye begi chupa ya mafuta ya kupikia, manjano ya kung'aa. Mbele ilikuwa na picha ya moyo na maneno makubwa: HAYANA LEHEMU. Nikavaa miwani, nikaigeuza. Nyuma, kwa herufi za ukubwa wa mchwa, tena kwa Kiingereza, paliandikwa kilichomo: mafuta ya mchikichi yaliyosafishwa.

Mchikichi. Mti uleule ulioota nyuma ya bafu langu.

Nilicheka hadi mkwe akadhani nimeudhika. Sikumlaumu na sitamlaumu. Ni binti msomi anayempenda mwanawe, na alichokisema amefundishwa. Mliomfundisha ni ninyi, kwa hiyo maneno yangu nayaleta kwenu.

1. Mnasema mafuta yenu hayana lehemu. Ni kweli. Lehemu (kolesteroli) hutengenezwa na miili ya wanyama: imo kwenye maini, kwenye kiini cha yai, kwenye siagi, hata kwenye dagaa wetu. Mimea haina lehemu ya kuhesabika. Alizeti haina, karanga hazina, ufuta hauna, na mawese yaliyokamuliwa kwa mkono kule Simbo hayana. Kwa hiyo mnaposimama redioni kwa mbwembwe kutangaza kwamba mafuta yenu hayana lehemu, mnafanana na muuza muhogo anayezunguka soko la Mwanga akinadi, "Muhogo wangu hauna miba!" Hajasema uongo. Ila mama anayemsikia anaanza kuutazama muhogo wa meza ya pili kwa wasiwasi.

Ufundi wenu uko hapo, na kama mwalimu lazima niustahi. Hamkusema mawese yana lehemu. Hamkuyataja kabisa. Mliacha pengo na msikilizaji akalijaza mwenyewe. Mtu huweza kubishana na maneno ya mwenzake. Wazo analodhani limetoka kichwani mwake halibishii.

Mbinu hii ni kongwe kuliko redio. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, huko Marekani, mwandishi wa matangazo Claude Hopkins aliipa sifa bia ya Schlitz kwa kueleza jinsi chupa zake zinavyooshwa kwa mvuke. Viwanda vingine vya bia navyo vilifanya hivyohivyo. Yeye aliwahi kusema tu.

Tofauti ni kwamba kwenye mafuta Wamarekani hao hao walishtuka. Mwaka 1991 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliwataka watengenezaji wa mafuta ya Crisco, Mazola na HeartBeat waondoe kwenye lebo madai ya kutokuwa na lehemu. Hakuna aliyesema madai yale ni ya uongo. Kosa lilikuwa kwamba mnunuzi aliyasoma akadhani ameshika kitu cha kuulinda moyo, kumbe ameshika mafuta matupu.

Na msiseme hayo ni ya Marekani. Ipo Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa na FAO na WHO, ambayo Tanzania ni mwanachama. Miongozo yake ya mwaka 1997 inasema kimiminika kisiandikwe kuwa hakina lehemu kama kina zaidi ya gramu 0.75 za mafuta yanayoganda katika kila mililita 100. Mafuta ya mchikichi yaliyosafishwa, yale ya chupa ya mkwe wangu, yana takriban gramu 40. Hata alizeti, ambayo ina mafuta hayo kwa kiasi kidogo zaidi, haipiti mtihani huo. Hayo nimeyasoma mimi, mstaafu wa darasa la nne B. Wanasheria wenu hawajayasoma?

2. Picha ya moyo. Nimesema "mafuta yanayoganda" kwa sababu sijapata jina zuri zaidi. Ni ile sehemu ya mafuta inayoyafanya mawese kule Kasulu na Heru Juu, asubuhi za Juni na Julai, yagande kwenye chupa hadi uyaanike juani. Wataalamu wanasema sehemu hiyo ikizidi kwenye chakula ndiyo hupandisha lehemu ndani ya damu, hata kama mafuta yenyewe hayakuwa na chembe ya lehemu. WHO inashauri isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata kwenye chakula.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo watu wa kwetu hawatalipenda. Karibu nusu ya mawese ni mafuta hayo. Siyaandikii mawese cheti cha utakatifu. Lakini mafuta yenu ya chupa, kwa kuwa yanatoka mti huohuo, hayako mbali: zaidi ya sehemu 4 kati ya 10. Kwa hiyo kama mawese hayastahili picha ya moyo, na yenu hayastahili. Mmewezaje kuchukua ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja mkampa joho la daktari na mwingine mkamwacha aitwe mgonjwa?

Mimi mwenyewe nina presha. Daktari aliniambia nipunguze mafuta, yote, na chumvi. Hakunitajia rangi. Jirani yangu naye aliambiwa vilevile, akatoka hospitali akaenda dukani, akaacha mawese, akachukua yenye moyo, na sasa anamimina bila kupima kwa sababu "haya hayana lehemu". Picha yenu imefuta ushauri wa daktari kwa muda usiozidi safari ya kutoka hospitali ya Maweni hadi Mwanga. Jirani huyo ndiye ninayemhofia kuliko hata mawese yangu.

3. Rangi. Katika matangazo yenu "safi" maana yake ni kitu kisicho na rangi. Mama wa kwenye tangazo anainua chupa kwenye mwanga wa dirisha, unaona upande wa pili, anatabasamu. Jiko lake jeupe, aproni nyeupe, watoto wamevaa soksi nyeupe. (Sijawahi kumwona mtu akipika kwa soksi nyeupe, lakini tuyaache.) Mekundu yetu yanabaki kuwa ya kijijini, ya zamani, ya kuchafua nguo.

Wekundu huo ni nini? Ni karotini, kitu kilekile kinachoipa karoti rangi, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese ghafi ina takriban miligramu 500 hadi 700 za karotini. Kiwandani mafuta hupitishwa kwenye udongo maalumu unaofyonza rangi, kisha huondolewa harufu kwa mvuke kwenye joto linalozidi nyuzi 200. Karotini inaishia hapo. Halafu, kwa kuwa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye chakula zinawalazimu tangu mwaka 2011, mnatia vitamini A ya kununua. Halafu mnaandika mbele ya chupa, kwa rangi ya dhahabu: IMEONGEZWA VITAMINI A.

Mmemvua mtu shati, mkampa fulana, na sasa mnataka awashukuru kwa kumvisha.

Kanuni ile siipingi hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta karibu theluthi moja ya watoto wa umri chini ya miaka 5 nchini wana upungufu wa vitamini A, na kwa nyumba isiyo na mawese mafuta yaliyoongezwa ni msaada mkubwa. Ninachopinga ni kutii sheria mkakuita hisani, na mjukuu wangu kunyimwa sombe mezani kwangu kwa jina la afya.

4. Mnaficha jina la mti. Kwenye tangazo zima sijasikia neno mchikichi. Alizeti mnaitaja, ua lake mnalichora kubwa kama ungo. Mchikichi unaonewa aibu.

Mti huu si mgeni hapa. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 aliikuta michikichi imesimama kwa wingi ukingoni mwa ziwa, akaandika habari zake. Miaka 10 kabla, mwaka 1848, miche 4 ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, na kizazi chake ndicho kilichojaza mashamba ya Indonesia na Malaysia yanayowaletea ninyi mafuta. Hapa Kigoma tunapenda kusema kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu kwetu. Ni hadithi tamu, nami nimewahi kuifundisha darasani, Mungu anisamehe. Asili ya miche ile ni Afrika Magharibi. Lakini hilo halibadilishi kitu: mti wa Afrika ulivuka bahari ukarudi bila rangi na bila jina, na sasa unamcheka nduguye aliyebaki nyumbani.

Kwa mti huo mama yangu alitusomesha. Aliamka alfajiri. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zilikuwa zimelala siku mbili tatu zikilainika. Akazichemsha kwenye pipa, akazitwanga, akazikamua, akachemsha tena hadi mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini. Kokwa hazikutupwa. Tulikaa watoto uani tukizigonga kwa mawe kutoa mise, kiini cha ndani, na mise ikatoa mafuta ya kutupaka na sabuni ya kutuogesha. Dumu moja la mawese lilikwenda kwa treni hadi Tabora, na hela yake ikarudi kama ada. Wapo kina mama wengi, kuanzia Mwandiga hadi Uvinza, ambao bado wanaishi hivyo.

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma kuhimiza zao hili lifufuke. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kikakabidhiwa kazi ya mbegu bora za aina ya Tenera; magereza Kwitanga na JKT Bulombora wakaongeza mashamba; wananchi wakagawiwa miche. Sababu ilielezwa wazi: nchi inaagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta inayokula. Aprili 2022, Indonesia ilipofunga mauzo yake ya mawese nje kwa muda wa wiki tatu hivi, kila jiko nchini lilijifunza maana ya kutegemea meli za watu. Sasa tazameni mlipotuweka. Serikali inamwambia mkulima apande, tangazo linamwambia mlaji asile. Mkulima wa Kalinzi aliyesubiri miaka 3 au 4 mche wake uzae atamuuzia nani?

5. Wengi hawaioni lebo kabisa. Hapa kwetu, kama ilivyo sehemu nyingi, mafuta ni ya kupima. Muuza duka anachota kwenye pipa au dumu, anamimina kwenye kichupa cha maji, unalipa, unaondoka. Hayo maandishi ya mchwa nyuma ya chupa, mnayosema yanatimiza sheria, mama wa mafuta ya kupima hayajui. Anachokijua ni wimbo wenu. Kwa hiyo msinijibu kwamba "taarifa zote zipo kwenye kifungashio". Kwa watu hawa kifungashio ni sauti ya redio.

Nisije nikaambiwa nimeona kibanzi cha wenzangu, acha niseme ya kwetu. Mawese yetu mengi hayana lebo, hayana tarehe, na dumu lake jana lilikuwa na kitu kingine. Wakamuaji wengine huacha ngazi zilale wiki nzima, mafuta yakatoka na ukali unaokwaruza koo, kisha tunalaumu wateja kwa kutotupenda. Utaratibu wa mjasiriamali mdogo kuanzia shirika la viwanda vidogo, SIDO, hadi apate alama ya ubora ya TBS upo; wanaoufuata ni wachache, na wengine wetu tunaogopa fomu kuliko tunavyoogopa hasara. Hilo ni letu na tutalibeba. Halihusiani na muhogo wenu usio na miba.

Naomba haya.

Kwenu wenye viwanda na waagizaji: maneno "hayana lehemu" yafutwe. Kama hamwezi kuyaacha, yaandikwe na yatamkwe kamili: "hayana lehemu, kama yalivyo mafuta yote ya mimea", kwa herufi za ukubwa uleule na kwa sauti ileile, si ile sauti ya haraka ya mwisho wa tangazo. Picha ya moyo iondoke. Jina la mmea uliotoa mafuta liwe mbele ya chupa, kwa Kiswahili: mchikichi, alizeti, soya, pamba, na kama mmechanganya, mseme mmechanganya. Kiasi cha mafuta yanayoganda kiandikwe kwa Kiswahili pia. Na yule mama wa jiko jeupe mwacheni apumzike. Akina mama tumeshachoka kuambiwa kila asubuhi kwamba anayempenda mwanawe ananunua chapa fulani.

Kwenu TBS: tangu mwaka 2019 usalama wa chakula ulipohamishiwa kwenu kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), lebo na madai ya afya ni kazi yenu. Ninyi ndio kiungo cha nchi yetu na Codex. Chukueni chupa 10 za mafuta kwenye duka lolote la Kariakoo, muweke mwongozo wa 1997 pembeni, kisha mtuambie hadharani ngapi zinastahili maneno zilizoyabeba. Kazi hiyo haimalizi siku moja. Mkija Kigoma kukagua mawese, nako karibuni. Wenye madumu machafu wakamatwe bila huruma, lakini mje na mizani ileile.

Kwenu Tume ya Ushindani: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha. Nawaomba mtoe tafsiri moja tu. Je, maneno ya kweli yanayopangwa ili msikilizaji aamini jambo lisilo kweli juu ya bidhaa ya mwenzako, sheria yenu inayaitaje?

Sidai fidia, wala sitaki mafuta yenu yafungiwe. Nchi haijitoshelezi na watu lazima wakaange. Nataka mkwe wangu akija tena Disemba achague mwenyewe, akijua kwamba anachagua kati ya mchikichi wenye rangi na mchikichi usio na rangi, na kwamba yote mawili yanatiwa kwa kijiko.

Chupa yake aliisahau hapa. Ipo rafuni, imebaki robo, moyo umetazama mlango. Nimeipiga picha mbele na nyuma, na picha zote mbili nawatumia TBS na FCC pamoja na nakala zao.

Na wewe ndugu msomaji, wakati tunasubiri majibu ya wakubwa hawa, nenda jikoni kwako, chukua chupa ya mafuta uigeuze. Soma mgongo wake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma